Idadi, Uzito, Mwenye Mali

Nilizinunua Shimanzi, paleti mbili kwa bei ya moja,
kwa kuwa ile ya pili ilikuwa imevunjika mguu.
Miaka thelathini na mmoja nilizihesabu gatini,
kalamu sikioni:
mchele wa watu, vigae vya watu, betri za watu,
na sikuwahi hata siku moja kuangalia
kilichobeba.

Nikazipandisha ngazi za Kibokoni, ngazi zile nyembamba,
kila kona zinagonga ukuta, chokaa inamwagika,
na Mwanasha juu anasema, "Bomoa nyumba kwanza,
halafu ulime."

Kwanza nikatafuta muhuri.
Ubao uliokaushwa kwa joto una herufi zake,
uliofukizwa dawa una nyengine,
na huo haulishi mtu.
Hizi ni salama. Hiyo ndiyo elimu niliyotoka nayo bandarini,
hiyo, na goti hili.

Halafu misumari.
Msumari hautoki kwa hasira.
Unaubembeleza, kidogo huku, kidogo kule,
hadi ulie kama mlango wa chumba cha wageni,
na ukitoka, umepinda.
Nikainyosha mmoja mmoja juu ya jiwe la tumbawe.
Iliyokataa imo koponi, kopo la samli.
Mwanasha anauliza ya nini.
Sina jibu. Sitaki kuitupa.

Upana, shubiri tatu. Kina, hadi nusu ya mkono,
maana bamia ana mzizi mrefu kama deni.
Kitako nimekitoboa matundu kumi na mawili
maji yapate pa kukimbilia:
mmea hufa kwa kiu, sawa,
lakini hufa pia kwa kupendwa mno.

Bi Amria wa dirisha la pili akachungulia.
"Jeneza la nani hilo, Bwana Shekuwe?"
"La mchicha."
"Mungu aulaze pema," akasema, akaendelea kuanika.
Nilipobaki peke yangu nikajilaza kando yake, kupima.
Miguu ilizidi.
Nikafurahi kuliko inavyostahili.

Chini yetu hapa ni tumbawe tupu, na kisima kina chumvi.
Udongo umetoka Mazeras, magunia manne,
samadi ya mbuzi kanipa Chengo, hakutaka pesa,
na makumbi ya nazi nimeyaloweka siku tatu,
nikimwaga maji, nikitia mengine,
mpaka nilipoyaonja kwa ncha ya ulimi
na ulimi ukanyamaza.

Nikachanganya. Nikasimama kama mtu aliyemaliza.
Mwanasha akaja, akakunja mikono ya dera,
akaukanda udongo kama unga wa mahamri,
akavunja donge, akanusa.
"Bado."
Nikaongeza makumbi.
"Bado."
Akashuka, akarudi na jivu la jiko kwenye ungo,
akalinyunyiza kidogo tu, kama bizari.
"Nani kakufunza?"
"Mama. Jomvu. Nyuma ya nyumba tulikuwa na matuta sita."
Miaka yote hii hakunambia.
Au alinambia,
nami nikawa nahesabu mifuko.

Alasiri sanduku limejaa, halijaota kitu.
Mimi nataka mchicha na pilipili,
yeye ataka mrehani, nanaa, kotmiri pembeni;
tumegombana kwa raha, hatukupatana.
Kwa mazoea nikatoa chaki niandike ubavuni.
Idadi, moja.
Uzito, sijui, na dari haijalalamika.
Mwenye mali...
chaki ikasimama hapo, nami nikaifuta yote kwa kiganja.

Mwanasha amefungua fundo la leso:
mbegu nyeusi, hata mchanga wa chooni kwa paka ni mkubwa kuliko hizo.
Nalo neno hilo halijapoa,
paka wa Bi Amria karuka ukuta,
kazunguka mara mbili, kajikunja katikati ya udongo wetu,
akalala.

"Muache," anasema Mwanasha, akilifunga fundo tena.
"Anautia joto. Tutapanda kesho."